Mdogo Ndiye Kiongozi wa Msafara: Matembezi ya Jamaa Katika Misitu ya Usambara

Mtu aliyezaliwa Tanga huiona milima ya Usambara tangu utotoni mwake, imejipanga upande wa magharibi kwa rangi ya samawati, na aghalabu huzeeka pasipo kuikanyaga, isipokuwa pale anapoitwa na arusi, na maziko, au na biashara ya mboga. Hali ni hiyo hiyo kwa mtu wa Dar es Salaam aendaye Moshi au Arusha kwa basi: afikapo Mombo huinua macho, akayaona majabali yaliyosimama wima upande wake wa kulia, akakiri moyoni kuwa Mwenyezi Mungu ameumba, kisha akanunua mahindi ya kuchoma dirishani na kuendelea na safari yake. Wakati huo huo njia za miguu zipitazo juu ya majabali hayo, kutoka Lushoto hata Mtae, hutembewa siku nenda siku rudi na wageni waliotoka Ujerumani, Uholanzi na Uingereza, ambao wamevuka bahari kwa gharama kubwa ili waone kitu ambacho jirani yake hajakiona. Wageni hao wana haki ya kuja, na ujio wao ni riziki ya watu wengi. Ila ninasikitika, tena sana, ninapotazama makundi yale ya watembeao na kuona jinsi ilivyo nadra kumkuta humo baba wa Kitanzania aliyemshika mwanawe mkono.

Sababu zitajwazo ni nyingi. Wengine husema kwamba kupanda milima pasipo haja ni tafrija ya watu wasio na kazi. Wengine husema kwamba jambo hilo ni la vijana wenye nguvu za miguu, na kwamba mwenye watoto wadogo, au mama mzee, au mke mwenye mtoto mchanga, hana budi kungoja mpaka watoto wakue na wazee wapumzike. Hoja ya kwanza sitaijibu kwa maneno mengi, kwa kuwa kila aliyewahi kuvuta hewa ya msitu wa Magamba asubuhi anajua jawabu lake. Hoja ya pili ndiyo iliyonifanya nishike kalamu, maana naamini kinyume chake kabisa: kwamba misitu ya Usambara ni miongoni mwa pahali pachache katika nchi yetu ambapo mtoto wa miaka mitano na bibi yake wanaweza kutembea pamoja tangu asubuhi hata adhuhuri, kila mmoja akapata fungu lake la furaha, na kwamba mwendo wa huyo mtoto, unaosimama kila baada ya hatua kumi ili kumtazama jongoo, ndio mwendo unaofaa kwa mtu atakaye kuujua msitu. Mwenda pole hajikwai, walisema wazee wetu, nami nathubutu kuongeza kwamba mwenda pole msituni huona mara tatu ya ayaonayo mwenye haraka.

Milima hii ni sehemu ya safu ndefu iitwayo Tao la Mashariki, ianzayo katika milima ya Taita nchini Kenya, ikapita Upare na Usambara, ikashuka Nguu, Ukaguru na Uluguru, ikaishia Udzungwa. Miamba yake ni ya kale mno. Ukiipima kwayo, Kilimanjaro, ambayo ni mlima wa volkano, imezaliwa juzi. Pepo zitokazo katika Bahari ya Hindi huja zimebeba unyevu, zikagongana na kuta za milima, zikapanda, zikapoa, zikageuka mawingu na mvua. Na kwa sababu hiyo, hata katika zama zile ambapo sehemu kubwa ya Afrika ilikauka na misitu yake ikarudi nyuma, misitu ya hapa ilidumu, na viumbe waliokuwamo wakabaki wamejitenga, kila mlima na wake, hata wakatokea vinyonga, vyura, ndege na miti isiyopatikana pengine popote duniani. Mtoto hana haja ya kuhutubiwa haya yote njiani, kwani hotuba huchosha kuliko mlima. Lakini ni vizuri mzazi ayajue, kwa kuwa maswali yatakuja, na mtoto aliyeulizia ukungu unatoka wapi anastahili kujibiwa kwamba umetoka kwao pwani.

Safari huanza Mombo, penye joto na vumbi, na kutoka hapo barabara ya lami huupanda mlima kwa kujipinda takriban kilomita 33, jabali upande mmoja na korongo upande wa pili, na kila baada ya kona chache hewa hubadilika, hata abiria aliyepanda gari akijipepea kwa gazeti hujikuta anatafuta shuka. Mwenye watoto awape viti vya dirishani, wala asiwalishe sana kabla ya kuanza kupanda, maana kona zile hazina huruma na tumbo lililojaa uji. Soni, katikati ya njia, pana maporomoko ya maji yanayoonekana kutoka barabarani, na ni vyema kushuka hapo, hata kwa robo saa, ili watoto wanyooshe miguu na masikio yao yazoee. Lushoto yenyewe, iliyo katika kimo cha mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, Wajerumani waliiita Wilhelmstal kwa heshima ya mfalme wao, wakaifanya boma la wilaya na mahali pa kukimbilia joto la pwani. Jina hilo limekwenda na wenyewe, baridi imebaki.

Napendelea siku ya kwanza itumike kwa Irente, ambako hakuna msitu mnene wala mpando mkali, bali njia pana ya udongo mwekundu yenye urefu wa kilomita 6 hivi kutoka mjini, ipitayo katikati ya migomba, mahindi, maharage na mikahawa, nyumba zikiwa zimekaa juu na chini ya njia, na watoto wa Kisambaa wakitokeza kila penye uwazi kuwasalimu wapitao. Siku hii ndiyo ya kuwapima watu wako. Utajua nani viatu vinamchubua, nani hulia akichoka na nani hunyamaza akichoka, na huyu wa pili ndiye wa kuangaliwa zaidi. Mtoto mdogo kabisa awekwe mbele, nyuma ya mtu mzima mmoja tu. Yeye ndiye atakayeamua mwendo wa msafara wote, na wakubwa wataona ajabu kwamba wakimfuata yeye hawachoki. Mtoto akiwekwa nyuma huanza kukimbia ili awafikie wenzake, akatweta, akakata tamaa, na baada ya nusu saa mtu mzima analazimika kumbeba begani, na hapo matembezi yamekwisha kuwa adhabu kwa wote wawili. Ama mtoto mchanga, sijaona chombo kilichoizidi mbeleko iliyofungwa vizuri, ambayo huiacha mikono yote miwili huru na mtoto hulala akisikia moyo wa mama yake. Wageni hununua mikoba ya vyuma na kamba kwa bei kubwa ili wapate nusu ya raha hiyo.

Karibu na mwisho wa njia lipo shamba ambapo huuzwa jibini, mkate na jamu, nalo ni pahali pazuri pa kupumzikia chini ya miti. Kisha njia hutoka ghafula juu ya genge, na nchi yote ya chini hufunuka: mita zipatazo 1,000 chini ya nyayo zako yamelala mashamba ya mkonge ya Mazinde yaliyopangwa kwa mistari, reli na barabara kuu zimekuwa nyuzi mbili nyembamba, na zaidi ya hapo nyika inanyooka mpaka upeo wa macho. Hapa sina budi kusema kwa ukali kidogo. Majabali ya Irente yana sehemu zisizo na ukuta wala kamba, upepo wake huja kwa mikupuo, na mtoto aliyekuwa mtulivu njia nzima hushikwa na wazimu wa furaha anapoona uwazi ule; basi kabla ya kuutokea ukingo kila mtoto ashikwe mkono na mtu mzima wake, mkono kwa mkono, na watu wakae chini hatua kadhaa kutoka ukingoni, maana aliyekaa huona sawa na aliyesimama, na haanguki.

Wakishakaa ndipo wakati wa hadithi. Pale chini Mazinde ndipo Semboja, mwana wa Kimweri, alipoweka makao yake, akaacha vilele vya babu zake ili awe karibu na njia ya misafara iliyokuwa ikipanda kutoka pwani. Baba yake, Kimweri ye Nyumbai, alitawala Usambara kutoka Vuga, juu ya vilima vya upande wa Soni, hata mwaka 1862 alipofariki, na sifa zake zilifika pwani. Mmisionari Krapf alipanda kwenda kumwona mwaka 1848, kwa miguu, kwa njia ambazo mtu atembeaye leo angali anazikuta. Lakini kisa ambacho watoto hukidai tena na tena ni cha Mbegha, mwanzilishi wa ukoo wao wa Wakilindi, kama kilivyohifadhiwa na Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy katika Habari za Wakilindi: jinsi alivyozaliwa Nguu akaota meno ya juu kwanza, akahesabiwa kigego na nuhusi, jamaa zake wakamnyima urithi, naye akatwaa mikuki na mbwa wake akaingia mwituni, jinsi alivyofika Usambara akakuta nguruwe wanaangamiza mashamba, akawawinda, akawagawia watu nyama, akawaamulia magomvi yao kwa haki, mpaka wenye nchi wakamfanya mtawala wao. Kisa hiki kikisimuliwa sebuleni ni kizuri. Kikisimuliwa mtoto akiwa amekaa juu ya jabali lile lile, akiuona mwitu upande mmoja na mashamba upande wa pili, huuliza maswali ambayo sebuleni hayamjii: mbwa walikunywa wapi, Mbegha alilala wapi mvua iliponyesha, na kwa nini ndugu zake hawakumwomba radhi alipokuwa mkubwa. Katika kundi letu swali hili la mwisho lilizua mjadala kati ya shangazi wawili uliotuchukua mpaka Lushoto mjini.

Siku ya pili ni ya msitu wenyewe. Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba iko kilomita chache juu ya mji, na huingiwa kwa kibali na ada zinazolipwa kwa watu wa misitu, pamoja na mwongozaji, ambaye namsihi kila mzazi asimwone kuwa ni gharama ya kuepukwa. Njia za kuvutia magogo zilizoachwa tangu enzi za wakoloni hufanya sehemu kubwa ya mwendo kuwa tambarare au wa mpando mpole, jambo lililo rehema kwa miguu mifupi; lakini njia hizo hugawanyika mara nyingi, ukungu huingia pasipo kubisha hodi, na mtu asiyezijua anaweza kuzunguka saa mbili akirudi palepale. Fauka ya hayo, mwongozaji ndiye macho ya msafara. Mgeni huona majani; yeye huona nani amekula majani hayo.

Aliyetuongoza sisi alikuwa mzee wa Kisambaa, mwembamba, mwenye koti la mvua na buti za mpira, ambaye kwa muda mrefu hakusema neno, akatembea kwa mwendo wa binti mdogo wa kundi letu aliyekuwa nyuma yake. Tulipofika chini ya mti mnene ambao watu wanne wasingeuzunguka kwa mikono, aliinama akaokota jani lililoanguka, la kijani kibichi juu na jeupe chini, akalifikicha viganjani.

“Mjukuu wangu,” alisema, “hebu nusa.”

Binti alinusa, akakunja uso, akanusa tena. “Babu, hii ni dawa ya kifua!”

“Ndiyo hiyo. Huu ni mkulo. Sasa umeujua kwa pua, hutausahau.”

Nao wataalamu wa mimea wameujua kwa jina la nchi yake, maana katika kitabu chao mkulo huitwa Ocotea usambarensis. Harufu ile ya kafuri imo katika gome na mbao zake pia, na ubora wa mbao hizo ndio uliouletea msiba, kwa kuwa mikulo mikubwa ilikatwa kwa wingi katika karne iliyopita, na iliyosalia ni ya kuonyeshwa kwa taadhima. Binti yule, kwa muda wote uliobaki wa matembezi, hakuacha kuokota majani yaliyoanguka na kuyanusa moja moja, akitangaza hukumu yake kwa sauti, na kaka zake waliokuwa wakilalamika kwamba hakuna wanyama wa kuonwa walianza kumwiga. Sijui mwalimu awezaye kuipata hamu hiyo kwa ubao na chaki.

Wanyama wamo, ila si wa kusubiriwa kwa darubini garini. Mbega weusi wenye vitambaa vyeupe vya manyoya hukaa juu kabisa, na dalili yao ya kwanza ni tawi linalotikisika pasipo upepo. Kulukulu, ndege wa kijani anayekimbia juu ya matawi badala ya kuruka, huficha chini ya mbawa zake rangi nyekundu ambayo hutokeza mara anaporuka tu kutoka mti hata mti. Na ni jambo la kumwambia mtoto kwamba rangi hiyo imetengenezwa kwa shaba nyekundu, madini yale yale ya waya za umeme, ambayo mwili wa ndege huyapata katika chakula chake. Katika vijito kuna kangaga zilizokua hata zikawa miti, zenye shina refu na mwavuli wa majani juu, na katika miamba yenye kivuli na maji yanayotiririka huota dughulishi, vimea vidogo vya majani yenye vinyweleo na maua ya urujuani, ambavyo mwaka 1892 afisa wa Kijerumani aitwaye Walter von Saint Paul-Illaire alivitia machoni, akampelekea baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akavitolea jina, na kutoka hapo vikaenea katika madirisha ya nyumba za Ulaya na Marekani hata vikawa miongoni mwa maua ya chunguni yauzwayo sana duniani. Mamilioni ya watu wa mbali huvimwagilia maji kila juma. Hapa nyumbani kwao huota vyenyewe, na mtoto akivikuta afundishwe kuchuchumaa, kutazama, na kuviacha.

Kinyonga tulimwona kwa sababu binti alikuwa mfupi. Sisi wakubwa tungempita tu, naye alikuwa ametulia juu ya kijiti kilicho kwenye kimo cha uso wa mtoto, wa kijani chenye madoa ya hudhurungi, na mbele ya pua yake zimetokeza pembe mbili fupi zenye magamba. Watu wengi wetu wamelelewa kumwogopa kinyonga, na shangazi mmoja alirudi nyuma akataja jina la Mungu; mzee wetu hakumcheka, wala hakumkata kauli, ila alichutama kando ya mtoto na kumwambia, “Usimshike, mjukuu wangu. Huyu ana miliki yake hapa. Wewe mtazame, naye akutazame.” Na kweli alitutazama, jicho moja likimwelekea mtoto na la pili likimzungukia mzee, kila jicho na shughuli yake, kisha akainua mguu wa mbele, akauyumbisha hewani, akaurudisha, akauyumbisha tena, kabla ya kushika hatua inayofuata. Vinyonga wa Usambara walikuwa wakikamatwa na kuuzwa nje wakiwa hai, kwa ajili ya watu wa mbali wanaowafuga katika visanduku vya vioo. Mwaka 2016 Serikali ilipiga marufuku kusafirisha wanyama hai wa mwituni kwenda nje ya nchi, na mzee alitueleza habari hiyo kwa furaha ya mtu aliyerudishiwa mali yake.

Mnyama wa kuchukuliwa hadhari zaidi katika msitu huu ni mdogo kuliko wote: siafu. Safu yao hukata njia, nyembamba kama uzi mweusi unaotembea, na mtu aliyesimama juu yake kupiga soga hutambua kosa lake wamekwisha kufika magotini. Dawa yake ni mbili, nazo ni rahisi: miguu ya suruali iingizwe ndani ya soksi, na aliye mbele apige kelele “Siafu!” ili kila mmoja aruke kwa zamu yake. Watoto wetu waliufanya mruko huo kuwa mchezo uliopendwa kuliko yote. Nyoka nao wapo, kama palivyo popote penye mwitu, na kwa hao yatosha kubaki njiani, kutoingiza mkono katika mashimo wala chini ya magogo, na kumwacha mwongozaji atangulie. Kuhusu simba na tembo, ambao watoto wa mjini huwaulizia kwanza, katika njia za Irente na Magamba hawako.

Ukitoka katika msitu wa asili huingia pahali pengine kwenye misonobari iliyopandwa kwa safu, na ningependa kila msafara usimame kwenye mpaka huo. Nyuma yenu pana sauti za ndege, matope, kuvumwani iliyoning'inia matawini na mti juu ya mti; mbele yenu pana shina moja, nafasi, shina jingine, na chini yake zulia la sindano kavu. Miti iliyopandwa ina kazi yake, maana pasipo hiyo mbao na kuni zote zingetoka katika mikulo. Lakini mtoto aliyesimama mahali hapo na kuambiwa afumbe macho, asikilize nyuma, kisha asikilize mbele, hatahitaji tena kufafanuliwa maana ya msitu.

Na maadamu nimefika hapo, niseme pia habari ya maji, ambayo kwangu ndiyo kubwa kuliko zote. Mto Umba hutoka katika misitu ya juu ya Usambara na kwenda kuingia baharini karibu na Vanga, katika ardhi ya Kenya. Vijito vya upande wa pili hushuka Mkomazi na kuufuata mto Pangani. Na mji wa Tanga hunywa maji ya mto Zigi, utokao Usambara ya mashariki. Ukungu ule unaoingia kati ya miti kimya kimya hukamatwa na majani na kuvumwani, ukadondoka, ukanywewa na ardhi laini, ukatolewa kidogo kidogo hata katika miezi ya kiangazi. Penye miti iliyokatwa mvua huja kwa nguvu, ikabeba udongo, ikapita, na kisima cha Septemba kikakauka. Wasambaa wanalijua hilo kwa uchungu wa miaka mingi, maana ardhi ni haba, watu ni wengi, na mlima una mteremko. Wengi wao wamepiga matuta na kupanda miti katika mipaka ya mashamba ili kuuzuia udongo, na mtembezi anayepita katikati ya mashamba hayo asiyaone kuwa ni mandhari tu, bali kazi ya mikono ya watu.

Kwa ajili hiyo adabu ya njia ni jambo la kuwafundisha watoto kabla ya kuondoka nyumbani. Njia hizi si bustani. Ni barabara za watu. Mwanamke anayepanda na mzigo wa kuni au majani ya ng'ombe kichwani ana haki ya kupishwa, na msafara wa matembezi uliojipanga njia nzima ukicheka, ukimlazimisha kukanyaga pembeni penye utelezi, umekosa. Mwenye kupita ndiye asalimuye kwanza. Karatasi na chupa za maji zirudi na mwenyewe mpaka mjini. Picha za watoto wa watu zisipigwe pasipo idhini ya wazazi wao, jambo ambalo sisi wenyewe tusingelivumilia Tanga wala Dar es Salaam, na peremende zisitupwe njiani kwa watoto wakimbiao. Anayetaka kuacha kitu anunue karoti, ndizi na mayai kwa bei ya haki.

Vyakula vya safari visiwe vya kujionyesha. Viazi vitamu vya kuchemsha, mayai, karanga, chapati zilizokunjwa na maji ya kutosha hushinda biskuti, zinazoleta kiu. Kila mtoto awe na sweta, na nguo moja kavu ya kubadili, kwa sababu mtoto aliyelowa milimani hupoa upesi kuliko mtu mzima. Na viatu viwe vya zamani vilivyozoea mguu, vyenye meno chini, kwani raba mpya zinazong'aa zimeharibu matembezi mengi. Watu waondoke asubuhi mapema, wawe wametoka msituni kabla ya alasiri. Masika, kuanzia Machi hata Mei, udongo mwekundu huteleza na njia nyingine hufungika. Juni mpaka Agosti hakuna matope mengi, lakini baridi ni ya kuuma na blanketi moja halitoshi. Desemba na Januari ni miezi ya mafyulisi na plamu, nayo yamejaa makapu njia nzima kutoka Lushoto mpaka Soni, na mtoto aliyeahidiwa fyulisi moja kila baada ya kilima hupanda vilima vingi.

Jamaa waliokwisha kuzoea Magamba, hatua yao ya pili iwe Amani, katika Usambara ya mashariki, wapitie Muheza. Hapo Wajerumani walianza mwaka 1902 bustani kubwa ya miti iliyoletwa kutoka kila upande wa dunia, na mingi ingalipo, imekuwa mirefu ya kutisha. Msitu unaoizunguka ulitangazwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997, na ndiyo hifadhi ya kwanza ya aina hiyo nchini. Iliki huota chini ya miti, vipepeo ni wengi kuliko Lushoto, na hondohondo hupita juu kwa kishindo cha mbawa kinachosikika kabla hawajaonekana. Wazazi wa Tanga waanzie bondeni, njia iandamayo mto Zigi, ili watoto wayaone maji yao yakiwa bado ni kijito cha kuvukwa kwa mawe. Joto la huko ni zaidi ya la Lushoto, na sweta moja yatosha. Ila mvua yaweza kunyesha mwezi wowote, basi miavuli isisahauliwe nyumbani.